Tamam Mpaka Mlangoni mwa Meli

Watu wa kwetu Likoni wakisikia kwamba niliwahi kufika mlangoni mwa meli ya matembezi, ile ya matajiri yenye bwawa la kuogelea juu ya bahari, kitu cha kwanza huniuliza chakula. Wanataka kujua kulikuwa na kamba wa aina gani. Mimi chakula chake sikukionja. Nilichokiona ni zulia la mlangoni, rangi ya damu ya mzee, na ubaridi uliotoka ndani ukiwa na harufu kama ya duka la viatu vipya. Basi. Nilisimama juu ya zulia lile na homa yangu, mikono kwenye kiti cha magurudumu cha bibi mzee niliyekuwa namtunza. Hayo nitayaeleza, lakini sharti nianzie chumbani, kwa sababu ugonjwa ule haukuanzia baharini.

Mniwie radhi nikipotea njia. Shule niliishia darasa la tatu na kuandika nimejifunza ukubwani, kwa kunakili maneno ya kwenye pakiti za majani ya chai.

Chumba changu kilikuwa Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, nyuma ya jumba la kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini. Majumba ya kule ukuta wake ni mrefu, ukiwa nje hujui ndani kuna nini, na ukiwa ndani hujui nje kuna nini. Chumba kimepakana na mashine za kufulia. Kitanda kimoja, kabati la bati, na tundu la hewa badala ya dirisha. Ukutani, pale kichwa kinapoegemea mtu akikaa kitandani, palikuwa na doa la mafuta ya nywele, kubwa kama sahani. Nililisugua wiki ya kwanza kwa sabuni ya unga, likafifia. Baadaye likarudi. Nikalisugua, likarudi. Nikaanza kusoma Kulhuwallahu kila nikiingia mle. Ilichukua muda mrefu kung'amua kwamba chumba kile hakina pengine pa kuegemea, na mafuta yale mapya yalikuwa ni yangu. Nilikuwa naweka kichwa changu palepale alipoweka mwenzangu.

Mwenzangu ni yule wa kabla yangu. Mkenya pia, msichana wa bara, sikuwahi kumwona. Abaya yake na ndara zake nilizikuta kabatini, na ndara zilinienea kama zilizopimwa kwa mguu wangu. Nikazivaa. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba nguo za maiti hutolewa sadaka, lakini mimi nilizivaa kabla sijajua kuwa ni za maiti, na nilipojua, miguu ilikuwa imeshazizoea.

Choo changu kilikuwa ng'ambo ya ua, mlango wake ukitazamana na majlisi, kile chumba cha wageni wa kiume. Madam, mke wa bosi, aliniambia neno moja siku ya kwanza: wageni wakiwapo, usionekane. Hakusema lolote kuhusu choo. Lakini wageni wa bosi walikuja takriban kila siku tangu alasiri, wakinywa kahawa na kucheka mlango ukiwa wazi, na mimi sikuweza kukatiza ua mbele ya macho yao. Basi nikajifunza kutokunywa maji. Asubuhi kikombe cha chai, mchana nalowesha ulimi tu. Nilikuwa najisifia jambo hilo kwa wafanyakazi wenzangu kwenye simu, naliona ni ufundi. Vyoo vya ndani ya nyumba nilivisugua vyote kila asubuhi mpaka vinang'aa, na sikuwahi kukalia hata kimoja. Haikunipitikia akilini.

Bibi mzee alikuwa mama yake bosi. Mtu wa Jeddah wa asili, aliyeolewa Riyadh akiwa kigori, na sasa akili yake ilikuwa kama redio inayoshika stesheni mara moja moja. Hakukubali mkono wa mtu yeyote kumwogesha ila wangu. Tatizo ni kwamba aliniita kwa jina la yule wa kabla yangu. Mwanzo nilimsahihisha. Madam akasema, itika tu, mtu mzima yule, unamchosha. Nikawa naitika jina la marehemu mchana kutwa, na jioni naenda kulala kitandani kwake.

Safari ya meli ilikuwa kwa ajili ya bibi mzee. Alikuwa akitaja bahari kila akishika stesheni, na mwanawe akaona amtembeze kwenye Bahari ya Sham kabla Mungu hajamchukua. Bosi hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo kwa sababu wako wanaongoja nimseme vibaya, na sitaweza.

Siku chache kabla ya safari kiuno kikaanza kuniuma upande mmoja, chini ya mbavu. Nikasema ni pasi, maana nilikuwa nanyoosha nguo za safari za nyumba nzima. Kisha baridi, kwenye joto la Riyadh, baridi ya kugonganisha meno. Kisha mkojo wenyewe ukawa unachoma kama pilipili, nami nikazidi kuukwepa. Madam akiniuliza, "Mbona umepauka?" najibu, "Tamam, madam." Ndivyo tulivyofundishwa na wakala kule Nairobi, kabla hata ya kufundishwa kuwasha jiko la umeme. Ukiulizwa hali, sema tamam. Mgonjwa hurudishwa ofisini kama birika linalovuja, na ofisi humrudisha uwanja wa ndege.

Na niseme kweli yangu: nilikuwa naitaka ile meli. Mimi chombo kikubwa nilichowahi kupanda ni feri ya Likoni. Nilishawatumia wanawake wa chama chetu sauti kwenye simu, nikijigamba kwamba nitawapigia picha nikiwa nimelala kwenye kiti kando ya bwawa. Wakanijibu kwa vigelegele. Utarudije nyuma baada ya vigelegele?

Familia ilikwenda Jeddah kwa ndege. Bibi mzee aliogopa ndege, kwa hivyo sisi tulipitia barabara, mimi na yeye nyuma, dereva mbele. Dereva alikuwa Mkenya, Mluhya wa Kakamega, Mkristo mwimba kwaya ambaye kule aliimba ndani ya gari tu, vioo vikiwa vimefungwa. Umri wake haukupishana na wangu sana, lakini aliniita shosho, yaani bibi kizee, ili kunichokoza, maana alijua kwamba wakala alinipunguzia umri kwenye pasi ya kusafiria.

Jangwa lilikuwa halina mwisho. Bibi mzee kalala, kichwa begani kwangu. Mimi nimejikunyata.

"Shosho, nipunguze AC?"

"Punguza. Na mimi si shosho wako."

"Ni kweli, pasi inasema wewe ni msichana. Hiyo pasi ingekuwa na miguu ingeenda disko."

Sikucheka. Akanitazama kwenye kioo cha mbele kwa muda, mpaka nikamwambia aangalie barabara.

"Unaumwa," akasema.

"Tamam."

"Tamam mwambie madam. Mimi ni mtu wa kwenu."

"Nimechoka tu, ndugu yangu. Nimepiga pasi sana."

Tukapita malori, tukapita ngamia waliozungushiwa uzio. Kisha akasema bila kugeuka, "Huyo mwingine alikaa hapo hapo ulipokaa. Njia ni hii hii. Tulikuwa tunaenda Jeddah, watoto wamefunga shule. Nikamuuliza, akanijibu hivyo hivyo. Tamam. Nimepiga pasi sana."

Nilikuwa najua kwamba alikufa. Sikuwa najua kwamba alifia safarini.

"Ilikuwaje?"

"Hotelini. Wenyewe walitoka kwenda kula, yeye akabaki na huyu mzee. Kurudi, wakamkuta amelala sakafuni karibu na kitanda cha mzee, wakasema msichana amechoka, mwacheni alale. Asubuhi ndiyo wakajua."

"Daktari alisema nini?"

"Karatasi iliandikwa moyo umesimama."

"Kila anayekufa moyo wake husimama."

"Hata mimi nilisema hivyo," dereva akasema. "Nikaambiwa yalla, haya, peleka gari ikaoshwe."

Bibi mzee akafumbua macho, akanishika mkono. Akaniita kwa jina lile. "Una moto," akaniambia. Nikaitika, "Naam, hajja," nikamfunika mtandio, akalala tena. Tulipofika kituo cha petroli dereva akaninunulia vidonge vya maumivu na chupa kubwa ya maji. Vidonge nikameza. Maji nikapiga funda moja tu, chupa nikaiweka miguuni. Kituoni nikafika mpaka mlango wa choo cha wanawake, nikakiona kiko wazi, hakuna wa kunitazama, nikarudi garini. Dereva alikiona kitendo hicho na hakukielewa, na mimi nilikuwa sikielewi vilevile.

Jeddah, asubuhi ya kupanda meli, bibi mzee alishika stesheni vizuri mno. Akaamuru tupite Balad, mtaa wa zamani wa Jeddah, akaone nyumba ya baba yake. Tukapita. Majumba ya matumbawe, roshani za mbao zimetoka mbele kama watu wanaochungulia, mengine yamekarabatiwa, mengine yameegemezwa kwa vyuma yasianguke. Ningekuwa mzima ningelilia Mji wa Kale wa Mombasa. Lakini homa ilikuwa imenipanda, na kila roshani niliona nyuma ya vitundu vyake mtu amekaa, kichwa kimeegemea ukuta. Bibi mzee akaionyesha nyumba, dereva akasimama. Ilikuwa duka la mabegi. "Si hii," akasema bibi mzee. "Hii wameiweka tu." Tukaondoka.

Mbinu ya kupita bandarini, ambako abiria hupimwa homa, nilipewa na wenzangu kwa simu, wale wafanyakazi tunaotumiana sauti. Mmoja wa Olaya, mtaa mwingine wa Riyadh, anayefagia maofisi, alisema kile kipimajoto hupima paji la uso tu, si tumbo. Chukua barafu hotelini, funga kwenye kitambaa, ficha chini ya mtandio, sugua kabla ya zamu yako. Nilifanya hivyo. Maji ya barafu yakinichuruzika shingoni, nikamtabasamia kijana wa kipimajoto, akakielekeza kwenye paji langu, kikawaka kijani. Bosi alishajibu maswali ya afya ya watu wote kwenye simu yake. Kuna mwenye homa? La. Kuna anayetapika? La. Alibonyeza haraka, kwa furaha, na watoto walikuwa wanamvuta kanzu.

Tukaingia kwenye daraja la kwenda melini. Ni kama ujia mrefu uliopanda kidogo, kuta zake za vioo. Watu wamevaa kofia za jua, wananukia. Mimi nasukuma kiti cha bibi mzee, na ukweli ni kwamba kiti ndicho kilichokuwa kinanibeba mimi, ningekiachia ningeanguka. Maumivu ya ubavuni yalikuwa yameshuka mpaka pajani. Nikajiambia, fika kitandani tu. Kuna chumba, kuna kitanda, familia itakwenda kula, wewe utabaki na mzee, utajinyoosha sakafuni kidogo.

Hapo ndipo nilipomwona. Upande wa kioo, mwanamke wa abaya iliyochakaa mabegani anasukuma kiti sambamba nami. Alikuwa kijana. Ndara zake zilikuwa zangu. Hakunitazama, alitazama mbele, kule mlangoni, kama mtu anayejua kitanda kilipo. Najua mtasema ni kivuli changu kwenye kioo. Nami nilisema hivyo. Lakini mimi nilisimama kupumua, na yeye, wallahi, alichelewa kusimama.

"Yalla," madam akasema nyuma yangu. "Watu wanangoja."

Mlangoni, juu ya lile zulia, palikuwa na nesi wa meli, mama wa Kisudani mwenye sauti ya chini, kazi yake kuwapokea wazee wa viti na kuulizia dawa zao. Akainama kwa bibi mzee, akamwamkia, akamuuliza hali. Bibi mzee hakujibu hali. Alinyoosha mkono nyuma, akanishika kiganja, akakivuta mpaka mbele ya nesi kama mtu anayeonyesha samaki sokoni.

"Mguse," akasema. Akataja jina, si langu. "Huyu ana moto. Niliwaambia. Alilala chini karibu yangu, anatetemeka, nikawaambia huyu msichana ana moto, na huyu mwanangu akaniambia Mama, mwache alale."

Bosi akaja upesi. "Mama, halas, basi. Hiyo si leo."

"Mlimwacha alale."

Sikuwahi kumwona bosi na uso ule. Madam akamwambia nesi kwa haraka kwamba mkwe wake amesahau mambo, anachanganya watu, mfanyakazi wetu yuko tamam, amepimwa hapo chini. Nesi akanishika mkono. Akaukamata kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Kisha akaniuliza mimi, kwa lile jina alilosikia kwa bibi mzee, kama naumwa.

Hapo, msomaji, ndipo safari ilipokuwa imening'inia. Nyuma watu wananung'unika. Watoto wameshaingia ndani, wanapigiana kelele kuhusu lifti. Madam ananitazama kwa macho ya kusema: jibu tuendelee. Na lile neno lilikuwa mdomoni, limeshajipanga kwenye ulimi, maana ulimi wangu kwa miaka haukuwa na jibu jingine. Nikatazama kwenye kioo, pakawa hapana mtu ila foleni.

Nikaitika lile jina. "Naam," nikasema. Kisha nikasema, "Ana maridha." Kwa Kiarabu, mimi mgonjwa. Neno lenyewe ni maradhi yetu yaleyale, nimelijua tangu utotoni, na sikuwahi kulisema katika nchi ile.

"Leo?" madam akasema. "Umechagua leo?"

Kitambaa cha barafu kikaanguka kutoka kwenye mtandio, kikatua kwenye zulia mbele ya kila mtu. Madam akakitazama. Nesi akakiokota, akakitia mfukoni mwake. Namwombea mama yule mpaka leo kwa ajili ya mfuko ule.

Walinirudisha chini. Madam akashika kiti, akakisukuma ndani, na bibi mzee aligeuza shingo kunitazama mpaka kona ikamziba. Bosi alibaki nyuma kidogo, simu mkononi, kama mtu aliyesahau nambari. Ndiye aliyempigia dereva arudi.

Dereva alinipeleka hospitali bila kuimba na bila kunitania. Daktari alikuwa mwanamke. Akanigonga kidogo mgongoni, chini ya mbavu, nikaruka. Figo, akasema, uchafu umepanda kwenye figo na umeanza kuingia kwenye damu. Akaniuliza nakunywa maji kiasi gani, na nakaa na mkojo muda gani. Nikamweleza ua na majlisi. Aliacha kuandika.

Nikamuuliza, "Mtu mwenye ugonjwa huu, ukifika mbali, huwa anapiga kelele?"

"Wengine husinzia tu," akasema. "Ukimwona utadhani amechoka."

Meli ilikuwa imeshang'oa nanga, iko mbali baharini, bosi aliponipigia. Niliisikia sauti ya watoto, na maji, na muziki.

"Kwa nini hukusema?" akaniuliza.

Sikupata kumzungumzia mwanamume habari za mkojo, hata marehemu mume wangu. Nilizitaja siku ile nikitazama ukuta. Nikamwambia, wageni wako huja kila siku, bosi, na choo chetu kiko mbele ya mlango wa majlisi. Akasema, choo gani? Ilibidi nimweleze kilipo, ndani ya ua wake mwenyewe, karibu na tangi la maji.

Akauliza, sauti imepungua, "Na yule?"

"Choo ni hicho hicho, bosi."

Nikasikia anamwita mkewe, polepole, mara mbili. Simu ikakatika.

Niliporudi Riyadh, madam alinipokea kwa adabu ya mtu aliyeambiwa. Hakutaja meli. Alinipeleka mpaka chini ya ngazi, akafungua mlango wa choo cha ndani, kile cha marumaru nilichokuwa nakisugua kila siku, akasema, "Hiki, kuanzia sasa." Kisha akaondoka upesi, na majlisini wageni walikuwa wanacheka kama kawaida.

Nikaingia, nikafunga, nikakaa. Maji nilikuwa nimekunywa chupa nzima kama daktari alivyoamrisha. Mkojo ukakataa kutoka. Nilikaa pale, baridi ya marumaru inanipanda miguuni, na nikahisi nje ya mlango mtu amesimama, kimya, miguu imebanwa pamoja, anangoja zamu yake. Hakugonga. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kungoja. Nikafungulia bomba ili mwili ukumbuke kazi yake, ukakumbuka, na nikafanya haraka nimpishe.